Daktari, eti ugonjwa wa utumbo wa IBD ni wa Wazungu na Wahindi tu?

Mama mmoja wa Tukuyu kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Daktari shikamoo. Nina mwanangu, ni wa dada yangu ila nakaa naye mimi, ana miaka 11 yuko darasa la tano. Tangu mwezi wa tatu anaharisha, miezi mitano sasa, choo kina damu na makamasi, usiku anaamka mara mbili tatu. Tumetibu amiba mara nne, taifodi mara mbili, dawa za minyoo kanywa, bibi yake akasema ni mgolo tukampa na dawa ya miti shamba. Alikuwa na kilo 31 sasa ana 26. Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza, anasema mtoto wa jirani yake Mhindi alikuwa na dalili hizo hizo akaambiwa ana IBD. Nikamuuliza tabibu wa hapa kwetu akanijibu hiyo ni ya Wazungu na Wahindi, Mwafrika anayekula ugali na maharage hawezi kuipata. Ni kweli asili yetu inatulinda? Ndaga fijo."

Marahaba mama, na ndaga fijo na wewe, yani asante sana kwa Kinyakyusa, manake ulivyoeleza umenisaidia kuliko vyeti vingi vya maabara ninavyoletewa.

Nianze na lenye haraka usije ukachoka kusoma kabla hujalifikia. Sio kweli kwamba Mwafrika hapati, na huyo mtoto asipewe dozi nyingine ya amiba kabla hajaonwa na daktari wa watoto kwenye hospitali ya rufaa. Sisemi ana IBD, siwezi kumpima mtu kwa maandishi. Nasema miezi mitano ya choo cha damu, kuamka usiku kwenda kujisaidia, na kilo tano kupotea kwa mtoto ambaye kwa umri wake alitakiwa aongeze kilo mbili au tatu kwa mwaka, hayo matatu yakikaa kwa mtoto mmoja hiyo sio amiba ya kawaida tena. Kuhara damu kwa bakteria mara nyingi kunaisha ndani ya wiki mbili. Na tumbo la wasiwasi, la mtoto anayeogopa mtihani, linauma kweli lakini halimtoi kitandani saa nane usiku na halitoi damu. Hilo la usiku huwa naliuliza la kwanza kabisa.

Sasa hiyo IBD yenyewe, kifupi cha Kiingereza cha inflammatory bowel disease. Sio vidonda vya tumbo hivi tunavyonywea omeprazoli, watu wanachanganya sana. Ni kinga ya mwili wenyewe inakosea, inapambana na bakteria ambao kazi yao ni kuishi humo humo kwenye utumbo, basi utumbo unawaka, unavimba, unatoka vidonda, na hauachi. Ziko aina mbili kubwa. Kuna ugonjwa wa Crohn, umepewa jina la Burrill Crohn wa New York ambaye na wenzake wawili waliuandika mwaka 1932, huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni mpaka sehemu ya haja kubwa, unarukaruka, unachimba ndani ya ukuta wa utumbo mpaka kutoboa. Halafu kuna kolaitisi ya vidonda, hii inakaa utumbo mpana tu, inaanzia chini inapanda, na ndiyo inayotoa damu sana. Kama robo ya wagonjwa wa IBD wanaanza kabla ya miaka 20, kwa hiyo watoto sio wageni kwenye ugonjwa huu.

Umeuliza habari ya asili, na hapa naomba nikae kidogo, manake huyo mdogo wako yuko Leicester na mji huo ndio umetufundisha mengi kuhusu swali lako hili hili.

Wahindi wengi wa Leicester hawakutoka India moja kwa moja, walitoka huku kwetu, hasa Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza 1972, na wengine Kenya na Tanzania. India kwenyewe enzi hizo ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa adimu. Sasa miaka ya 1980 mpaka mwanzo wa 1990 watafiti wa pale Leicester wakahesabu wagonjwa, wakakuta kolaitisi ya vidonda kwa watu wa asili ya Asia Kusini ni nyingi kuliko hata kwa Wazungu wa mji ule ule. Damu yao haikubadilika kwenye ndege. Kilichobadilika ni chakula, hewa, maji, dawa, namna ya kulea watoto, na pamoja na hivyo vyote bakteria wa tumboni. Kanada nako, jimbo la Ontario, waliofuatilia wahamiaji wakaona kwamba mtu akihamia akiwa mdogo zaidi hatari yake inakuwa kubwa zaidi, na watoto waliozaliwa kule na wazazi kutoka Asia Kusini wanaugua kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenyeji. Yani kizazi kimoja tu.

Sisemi asili haina kazi, ina kazi. Mwaka 2001 ilipatikana jeni ya kwanza ya Crohn, inaitwa NOD2, na yale mabadiliko yake yanayoongeza hatari yapo kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa Waafrika na watu wa Asia Mashariki ni nadra sana au hayapo kabisa. Wayahudi wa Ashkenazi nao wanaugua zaidi ya majirani zao. Kwa hiyo tabibu wako hakutunga, aliwahi kusikia kitu cha kweli akakichukua nusu. Tangu pale zimeshapatikana sehemu zaidi ya 200 za vinasaba zinazohusika, kila moja inasukuma kidogo kidogo, na hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiwa na Crohn, mwenzake mara nyingi hapati. Jeni ni mlango tu, mpaka kitu kiingie. Tofauti ni watoto wanaoanza kuugua wadogo kabisa, chini ya miaka 6 na hasa chini ya 2, hao wengine inakuwa ni jeni moja imeharibika moja kwa moja, na hiyo haichagui Mzungu wala Mnyakyusa. Wa kwako ana 11, hayupo kundi hilo.

Kuna kingine ambacho asili inabadilisha, nacho ni sura ya ugonjwa. Watoto wa Asia Kusini walioko Uingereza mara nyingi unakuta utumbo mpana wote umeshikwa, sio kipande. Watoto weusi wa Marekani wenye Crohn wanaongoza kwa matatizo ya sehemu ya haja kubwa, vinyama, michubuko isiyopona, jipu, na fistula, yani tundu linalotoboka pembeni linatoa usaha. Na wanalazwa mara kwa mara zaidi, ila hapo usilaumu damu haraka, sehemu kubwa ni kuchelewa kufika kwa bingwa na kukosa bima nzuri.

Nimeona nikutajie hilo la sehemu ya haja kubwa kwa sababu bibi yake alisema mgolo. Mama, hebu mwangalie. Muombe taratibu, ana miaka 11 ataona aibu, lakini muangalie. Kinyama, ufa au tundu linalotoa maji maji kwa mtoto mwenye kuhara kwa muda mrefu sio mgolo, na dawa ya kupaka au ya kuingiza huko chini itamuumiza bure.

Hili nina deni nalo. Nikiwa daktari mchanga aliletwa kijana wa miaka 14 kutoka upande wa Makete, baba yake alikuwa kambeba mgongoni kutoka stendi. Mkanda wa suruali yake ulikuwa na tundu tatu mpya zimetobolewa kwa msumari, moja mbele ya nyingine, kila mwezi alikuwa anaongeza tundu. Nilimpima kifua, nikapima tumbo, nikasoma cheti chake kilichosema taifodi, nikamwandikia antibayotiki nyingine. Sikumvua. Siku ya tatu nesi aliyekuwa anamsaidia kuoga akaniita, akanionyesha tundu mbili pembeni ya njia ya haja kubwa zinatoa usaha, na yule kijana akasema alikuwa nazo tangu mwaka jana, hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa Crohn. Tulipata jibu baada ya bayopsi, yani kipande kidogo cha utumbo kinachokatwa kupimwa, na baada ya kuitoa TB kwanza, na muda wake wa kurefuka ulikuwa umeshapita, alibaki mfupi. Tangu siku ile namvua kila mtoto anayeharisha zaidi ya mwezi.

Sasa kwa nini huku kwetu wanasema haipo? Sababu moja ni ya kweli, ipo kidogo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940, alisisitiza sana kwamba watu wa vijijini Afrika wanakula nyuzinyuzi nyingi na magonjwa mengi ya utumbo mpana kwao ni haba. Nyuzinyuzi za dona, maharage, majani ya maboga, viazi, sisi hatuzisagi tumboni, bakteria wa utumbo mpana ndio wanazila, wakizila wanatoa asidi inaitwa butireti na hiyo ndiyo chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi walipimwa choo, utafiti ukatoka 2014, wakakutwa na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao. Na 2015 ukatoka mwingine ambao naupenda sana, watu 20 weusi wa Marekani na 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili, Wamarekani wakala chakula cha nyuzinyuzi na wa Afrika Kusini wakala baga na chipsi. Lengo lilikuwa saratani ya utumbo sio IBD, lakini ona kilichotokea, ndani ya siku 14 utumbo wa Wamarekani ukapoa, butireti ikapanda, na wa Waafrika Kusini ukageuka kinyume chake. Asili ya hao wote 40 ni Afrika! Kwa hiyo kinachokukinga kiko kwenye sufuria zaidi kuliko kwenye ngozi, na sufuria zetu zinabadilika, nenda tu soko la Mwanjelwa, Mbeya, jioni uone watoto wanakula nini na wananunua soda ngapi, halafu nenda duka la dawa uhesabu wanaonunua antibayotiki bila cheti. Tafiti za Ulaya zimeona watoto wanaopewa antibayotiki nyingi utotoni wanapata IBD zaidi. Ni uhusiano tu, sio uthibitisho kwamba dawa ndiyo iliyoleta, lakini mimi unanitosha kuheshimu dozi.

Ila usije ukasema basi nimemlisha vibaya. Wapo watoto waliokula dona na mboga za majani tangu waache ziwa na wamepata. Kupunguza hatari sio kuifuta.

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma, hatuitafuti. Cape Town miaka ya 1980 walihesabu wakakuta Wazungu wengi, machotara wanafuata, weusi wachache sana, na watu wakaandika kwamba weusi wana kinga. Miaka hiyo ni ya ubaguzi wa rangi, sasa jiulize nani alikuwa anafika kwenye hospitali yenye kamera ya utumbo. Huku kwetu hakuna ubaguzi huo lakini ugonjwa una pa kujificha pengi. Amiba kwa mfano. Fundi wa maabara akiona sisti za amiba, yani amiba aliyejifungia kwenye ganda, kwenye hadubini anaandika amiba, wakati kuna amiba nyingine inafanana nayo kabisa kwa macho na haina madhara yoyote, watu kibao wanatembea nayo. Cha kuaminika ni choo kibichi kikipimwa ndani ya nusu saa na aonekane yule mdudu hai aliyemeza chembe za damu. Taifodi nayo kwa kipimo cha damu cha Widal ni shida, Widal inapima kinga mwilini na mtu wa kwetu aliyewahi kukutana na vijidudu hivyo au jamaa zake anaweza kuonyesha chanya miaka na miaka bila kuumwa. Dozi mbili za taifodi kwa mtoto asiye na homa, hapana.

Na udumavu. Takwimu za kitaifa za 2022 Iringa ina asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano waliodumaa, wakati taifa zima ni 30, na Njombe na Rukwa haziko mbali na nusu. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi nzima mahindi na viazi, na watoto wetu ndio wafupi. Sasa mtoto mwenye Crohn dalili yake inaweza kuwa hiyo tu, haongezeki urefu, anachelewa kubalehe, damu ndogo. Ulaya atashtukiwa darasani kwa sababu wenzake wamempita kichwa, huku anasimama mstarini na wenzake watano wa urefu ule ule. Ndiyo maana nakuomba utafute kadi yake ya kliniki ya utotoni. Mtoto aliyekuwa anapanda vizuri kwenye mstari halafu ghafla akalala, hiyo ni lugha tofauti na mtoto aliyekuwa chini tangu mwanzo.

Mkifika rufaa, usishangae wakianza na vitu vingine kabla ya kamera. Wako sahihi. Watapima FBP, yani hesabu kamili ya chembe za damu, waone damu na chembe sahani, ESR inayoonyesha kama mwili unawaka, albumini ambayo ni protini ya damu, choo, watapima VVU na TB. TB ya utumbo ndiyo pacha mbaya wa Crohn, zote mbili zinapenda ile kona ya mwisho wa utumbo mwembamba karibu na kidole tumbo, na kwa mikoa yetu TB inatangulia kufikiriwa. Wakiweza kupima kalprotektini kwenye choo ni nzuri, ikiwa chini utumbo hauwaki, ikiwa juu unawaka, ila haisemi ni maambukizi au IBD. Halafu ndiyo kamera, ya juu na ya chini, analazwa usingizi, wanachukua vipande vidogo vidogo vya bayopsi hata pale panapoonekana pazuri. Hapo uliza kwa ustaarabu kabisa, daktari, mtachukua bayopsi? Kamera bila bayopsi kwa mtoto ni nusu ya kazi.

Kwa nini wasimpe tu prednisoloni, ile dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, waone kama atapona? Kwa sababu atapona wiki moja kwenye macho, halafu kama ni TB au amiba itasambaa, na kuna mnyoo mmoja mdogo anayeitwa strongiloidi ambaye steroidi zikiingia anazaliana mwili mzima na anaua. Mtu akimwandikia prednisoloni kabla hayo hayajatolewa, rudisha cheti uulize.

Ikithibitika ni IBD, dawa zipo. Kolaitisi ya kawaida inaanzia kwenye sulfasalazini au mesalazini, ikiwa kali wanaweka steroidi kwa muda mfupi. Crohn kwa watoto dawa ya kwanza ni chakula, sio mzaha, mtoto anakunywa maziwa maalum ya lishe tu bila kitu kingine wiki 6 mpaka 8, na watoto kama 8 kati ya 10 wanatulia bila kuguswa na steroidi, na wanaongezeka uzito. Maziwa hayo kwetu ni ghali na uji wa lishe haushiki nafasi yake, lakini ulizia mapema. Baadaye wengi wanawekwa azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ambayo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Na hapa asili inarudi tena, wengi wetu Waafrika tunazaliwa na chembe nyeupe za damu chache kidogo kuliko Wazungu, ni kawaida yetu, inaendana na kile kile kinachotukinga na malaria ya vivax. Daktari akitumia kipimo cha Mzungu anaweza kusitisha dawa nzuri akidhani imeua damu. Ndiyo maana nasisitiza FBP ya kabla ya dawa ipigwe na itunzwe, ndiyo kawaida ya mtoto huyu.

Kwa sasa mkiwa mnajiandaa na safari, apate mayai, mtindi, ndizi za kupika zilizopondwa, parachichi, dagaa wa kusaga, wali laini, kidogo kidogo mara tano sita kwa siku. Hizo nyuzinyuzi nilizozisifia hapo juu ziache kwanza zile ngumu, makande yenye maganda, miwa, mahindi ya kuchoma, utumbo ukiwa umewaka au umebana vinakwama. Togwa ruhusa, watafiti Tanzania walishaipima kwa watoto wadogo miaka ya 1990 wakakuta vijidudu vya kuharisha vinapungua kwenye choo, ila ichemshwe vizuri na maji yake yawe salama. Akiumwa tumbo mpe parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni hapana kabisa, zinauchokoza utumbo. Dawa za kufunga kuharisha nazo hapana, utumbo uliowaka ukifungwa unaweza kupanuka na kupasuka. Dawa ya miti shamba muombe bibi aisimamishe, mwambie ni mimi nimeomba, na kama mnakumbuka ni mti gani mtajieni daktari.

Kwenye begi weka kadi ya kliniki, vyeti vyote hata vilivyokunjamana, maboksi ya dawa alizotumia, na daftari lenye hesabu ya siku saba, amekwenda chooni mara ngapi mchana, mara ngapi usiku, damu ilikuwepo au haikuwepo. Kama simu yako ina kamera piga picha ya choo, hakuna daktari wa watoto atakayekushangaa. Taja pia kama amewahi kulalamika magoti, macho mekundu au vidonda vya mdomoni, hivyo vinahusika.

Na ukiona tumbo limejaa limekuwa gumu, au homa kali, au moyo unakimbia akiwa amelala tu, au damu inatoka zaidi ya mara sita kwa siku, au anaishiwa nguvu akisimama, usingoje siku ya kliniki, kodi gari mshuke naye Mbeya usiku huo huo.